Ratili 108: Mkanda wa Wakorea

Mwaka 1978 mashabiki wa ngumi wa Kenya walikuwa na sababu nzuri ya kuwajali mabondia wadogo: Stephen Muchoki alitwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mjini Belgrade kwa uzito wa kilo 48. Septemba mwaka huohuo, jijini Seoul, Kim Sung-jun alimmaliza Netrnoi Vorasingh wa Thailand katika raundi ya 3 na kuubeba mkanda wa shirika la WBC wa ratili 108, kilo 49 kasoro kidogo. Enzi hizo ngumi za kulipwa hazikuwa na uzito mwepesi kuliko huo. Kim aliushika mkanda hadi Januari 1980, Shigeo Nakajima wa Japan alipompokonya.

Kwa upande wa shirika jingine, WBA, Kim Hwan-jin aliupata ubingwa wa uzito huo Julai 1981, na kabla mwaka haujaisha Mjapani Katsuo Tokashiki akamvua. Hapo ungeweza kudhani Wakorea ni watu wa kupita tu.

Chang Jung-koo, kijana wa Busan aliyezaliwa 1963, alipewa nafasi Septemba 1982 dhidi ya Hilario Zapata wa Panama. Walipigana raundi zote 15, na majaji wawili kwa mmoja wakampa Zapata. Miezi miwili baadaye Mkorea mwingine, Kim Duk-koo, wa uzito mkubwa kuliko wao, alianguka Las Vegas katika raundi ya 14 mbele ya Ray Mancini, akafariki siku chache baadaye. WBC ikapunguza mapambano yake ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Basi Chang aliporudiana na Zapata mjini Daejeon, Machi 1983, sheria ilikuwa imeshabadilika, ingawa kwake haikuwa na kazi: alimaliza mchezo katika raundi ya 3. Alikuwa na miaka 20.

Walimwita Mwewe wa Korea. Hakuwa bondia wa kumfurahisha mwalimu wa ngumi. Alirusha makonde kutoka pembe ambazo hazifundishwi popote, akamfuata mpinzani hadi kwenye kamba na kumnyima pumzi. Aliutetea mkanda mara 15. Tokashiki, yuleyule aliyemvua Kim Hwan-jin, alikaa raundi 9 tu. German Torres wa Mexico alikuja mara tatu kati ya 1983 na 1986, akashindwa kwa pointi mara zote tatu. Sot Chitalada wa Thailand naye alishindwa kwa pointi, Machi 1984, na kabla mwaka huo haujaisha akawa bingwa wa WBC wa uzito wa flai. Mimi huupima ubora wa Chang kwa hao wawili kuliko kwa idadi ya waliolala chini.

Wakati Chang anatamba, Yuh Myung-woo wa Seoul, mdogo wake kwa mwaka mmoja, alimshinda Mmarekani Joey Olivo mjini Daegu Desemba 1985 na kuchukua mkanda wa WBA. WBA ilikuwa bado inacheza raundi 15. Kwa hiyo nchi moja ikawa na mabingwa wawili wa uzito mmoja, mmoja akitetea kwa raundi 12, mwenzake kwa 15. Yuh aliitwa Mvua ya Ghafla kwa jinsi ngumi zake zilivyomiminika mfululizo. Mikono yake haikuwa mizito, 14 tu kati ya ushindi wake wote 38 ulikuja kwa KO, lakini aliutetea mkanda mara 17 kabla ya kuonja kushindwa. Miongoni mwa aliowashinda ni Leo Gámez wa Venezuela, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia katika viwango vinne vya uzito.

Chang na Yuh hawakupigana kamwe. Kwa karibu miaka mitatu walikuwa mabingwa pamoja, na safari ya treni ya saa chache ingetosha kuwakutanisha. Kila mkanda ulikuwa unalisha watu wake, na kuiunganisha mikanda hiyo kungemaanisha upande mmoja kubaki mikono mitupu. Biashara hiyo naielewa, lakini naiona ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika historia ya uzito huu.

Juni 1988 Chang alikwenda Tokyo, akamwangusha tena na tena Hideyuki Ohashi, ambaye Chang alikuwa ameshampiga Incheon mwaka 1986, hadi pambano likasimamishwa raundi ya 8. Kisha akauacha mkanda. Torres, yule aliyeshindwa mara tatu, akauokota Desemba. Lee Yul-woo akamnyang'anya Machi 1989, na Juni Humberto González wa Mexico akamnyang'anya Lee. Chang alirudi ulingoni kuudai mkanda wake mwezi Desemba mjini Daegu, akashindwa kwa pointi. Akapanda uzito wa flai, akashindwa na Sot mwaka 1990. Mei 1991 alimwangusha Muangchai Kittikasem, akabakiza raundi moja tu, na katika raundi hiyo ya 12 yeye ndiye aliyesimamishwa. Hakupigana tena.

Yuh alimaliza vizuri zaidi. Hiroki Ioka alimpokonya mkanda Osaka, Desemba 1991. Novemba 1992 Yuh akarudi Osaka akauchukua, akautetea mara moja, akastaafu akiwa ameshindwa pambano moja tu maishani. Jumba la Kimataifa la Mashujaa wa Ngumi, lililoko Marekani, lilimwingiza Chang mwaka 2010, Yuh mwaka 2013.

Mkanda wa WBC uliendelea kuzunguka. Choi Yo-sam aliurudisha Seoul Oktoba 1999, akaupoteza kwa Jorge Arce mwaka 2002. Siku ya Krismasi 2007, katika uzito wa flai, Choi alishinda pambano kwa pointi kisha akaanguka, na mwanzoni mwa Januari akafariki. Viungo vyake vilitolewa kwa wagonjwa sita.

Ohashi naye, baada ya vipigo viwili vya Chang, alishuka uzito, na Februari 1990 akampokonya Mkorea Choi Jum-hwan ubingwa wa WBC. Alipostaafu alifungua jimu Yokohama. Aprili 2014 kijana wa jimu hiyo, Naoya Inoue, akiwa kwenye pambano lake la sita tu la kulipwa, alitwaa mkanda wake wa kwanza wa dunia: ratili 108, WBC, uleule wa Chang.