Kutoka Ubao wa Chuoni hata Kitabu cha Shule

Leo nataka kuwaeleza jinsi watoto wa pwani yetu walivyofundishwa kusoma na kuandika tangu zamani, maana humo mna funzo kwa wazazi na kwa walimu.

Kabla ya shule za misheni na za serikali, palikuwa na vyuo vya Kurani. Mtoto aliketi mkekani na ubao wake wa mti, akaandika herufi za Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi, akaimba aya hata akazihifadhi, ingawa wengi hawakujua maana yake. Lakini wako waliozichukua herufi hizo wakaandikia Kiswahili: barua, hesabu na tenzi. Shida yao ilikuwa irabu. Kiswahili kina irabu tano, na alama za Kiarabu ni tatu tu. Basi “choma” na “chuma” yaliandikwa sawasawa, msomaji akabagua kwa maana ya maneno.

Mwaka 1844 Ludwig Krapf alifika Mombasa, akaandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Baadaye Edward Steere alichapa vitabu huko Unguja, na mwaka 1892 Wajerumani wakafungua shule ya serikali Tanga. Sasa kila irabu ilikuwa na alama yake: ba, be, bi, bo, bu. Ila tahajia hazikupatana, hata ilipoundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 ili kuzisawazisha.

Herufi zilibadilika, lakini desturi ya kuimba haikutoka. Nilipoanza ualimu, mtoto mmoja alinisomea ukurasa mzima bila kukosa hata neno. Nikayaandika maneno yale yale ubaoni, ila nimeyageuza mpango wake. Akanyamaza, machozi yakamlengalenga. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu: nilikuwa nimemfundisha kuimba, wala sikumfundisha kusoma. Tangu siku ile, silabi nikisha kuzifundisha, nazipanga upya kila asubuhi, na mtoto huandika neno lake mwenyewe kabla ya kufungua kitabu.

Basi, wazazi, mtoto akirudi nyumbani, msitosheke kumsikia akikariri ukurasa wa jana. Mpeni barua ya ndugu aliye safarini, ambayo hajapata kuiona. Akiisoma, akawaambia habari zilizomo, hapo ndipo mjue kwamba amejua kusoma.