Askari Aliyeandikwa kwa Jina Jingine

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kwamba askari wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, na ambao walikuwa bado hai, walipwe mishahara ambayo hawakuipata vita vilipokwisha. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amefariki mwezi Machi mwaka huo huo. Ofisi ya muda ilifunguliwa mjini Mwanza, na husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walifika. Wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine walikuja mikono mitupu. Mlipaji, alipoona hana njia ya kumtambua askari wa kweli, alitwaa ufagio, akawapa wazee mmoja baada ya mwingine na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa kwa kuchekesha. Sisi twakiona kuwa ni kisa cha kumbukumbu. Kwa muda wa miaka 46 mikono ya wazee wale ilihifadhi jambo ambalo karatasi hazikuweza kulithibitisha. Lakini je, wale waliokuwa wamekwisha kufa? Na wale walioanguka njiani, mbali na kwao? Katika nyumba nyingi za Usukuma, Uzinza na Usumbwa, mzee akihesabu mababu wa ukoo hufika kwenye jina moja, akasema, "Huyu alikwenda vitani," kisha akaendelea na mwingine. Kijana wa sekondari anayetaka kumtafuta ndugu huyo hudhani kwamba kazi yake ni kufungua majalada ya zamani mpaka alione jina. Tunathubutu kusema kwamba kwa njia hiyo huenda asimpate kamwe, hata kama ameandikwa. Ndugu huyo yamkini ameandikwa kwa jina jingine, kabila jingine na wilaya nyingine.

Tuanze na jina. Kwa Wasukuma jina mara nyingi hueleza hali ya kuzaliwa. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Kwa hiyo kijiji kimoja chaweza kuwa na akina Shija wengi, nao hutofautishwa kwa majina ya baba zao. Sasa mfikirie Shija mmoja mbele ya karani wa Kijerumani. Karani huyo, aliyeandika Mwanza kuwa Muansa na Shinyanga kuwa Schinjanga, ataliandika jina hilo kwa kadiri ya masikio yake na herufi za kwao, pengine Schidja. Na mtafutaji wa leo, akiangalia chini ya herufi alizofundishwa shuleni, atapita bila kumwona. Karani wa pwani naye atatia neno "bin" katikati ya jina la mwana na la baba. Hata neno "ng'wana", ambalo kwa Kisukuma ni mtoto wa fulani, laweza kugeuzwa "mwana" na kuhesabiwa kuwa sehemu ya jina lenyewe.

Hayo ni makosa ya kalamu tu. Liko kubwa zaidi: askari wengi wa Wajerumani waliingia Uislamu kambini na kupata majina mapya, ambayo wazazi wao hawakuyajua. Mama nyumbani aliuliza habari za Shija, na daftari likawa na habari za Ramadhani.

Kabila nalo halina uhakika. Neno "sukuma" lenyewe maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi ndio waliowaita hivyo jirani zao wa upande huo. Kijana wa Shinyanga aliyefika Tabora au pwani pamoja na wapagazi wa Unyamwezi aliweza kuandikwa Mnyamwezi, wala yeye mwenyewe asione sababu ya kukataa.

Tukija kwenye mahali, eneo letu lina matatizo ya pekee. Ushirombo, ambako mapadre wa White Fathers walianzisha misheni mwaka 1891, wakati wa Waingereza ilikuwa katika Wilaya ya Kahama, chini ya jimbo lililotawaliwa kutoka Tabora. Baadaye ikawa katika Mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Mtu akitafuta habari za Ushirombo chini ya Geita peke yake atarudi bure. Isitoshe, watu wenyewe walihama. Kuanzia 1947 Waingereza walikuwa na mpango wa maendeleo ya Usukuma, ambao ulifungua ardhi ya Geita kwa familia zilizobanwa na uhaba wa mashamba na malisho upande wa mashariki. Wengine walivutwa na mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Hivyo ukoo waweza kuwa na makaburi Geita, huku jina la babu limo katika daftari la kodi la Shinyanga. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, kaya nyingi zilihamishwa tena, na makaburi yakabaki porini.

Hapo ndipo mzee asiyejua kusoma anapokuwa mwalimu. Yeye hana tarehe, lakini atasema kwamba ndugu huyo alizaliwa baada ya sotoka iliyomaliza ng'ombe, nasi twajua kwamba ugonjwa huo ulifika nchini mwanzoni mwa miaka ya 1890. Atamtaja mtemi aliyekuwa akitawala. Jina la mtemi lina thamani kuliko jina la kijiji, kwa sababu vijiji vilihamishwa, lakini nasaba za watemi ziliandikwa katika vitabu vya wilaya, ambavyo hutunzwa katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Majina yao bado yafaa kama funguo. Baada ya hapo ndipo yafaa kwenda kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni, ambavyo vyaweza kumtaja dada au mpwa wa askari hata kama yeye hakubatizwa.

Kwa vita vya pili kazi ni nyepesi kidogo. Watanganyika wapatao 87,000 waliandikishwa, wengi katika jeshi la King's African Rifles ambalo wazee waliliita Keya. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma, ambayo wao waliiita Bama, mwaka 1944 na 1945. Familia ikikumbuka tu kwamba "alizama baharini", itafute kwanza meli Khedive Ismail, iliyozamishwa tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Askari wa Afrika ya Mashariki waliopotea ndani yake wametajwa katika mnara wa ukumbusho ulioko Nairobi. Aliyeanguka Burma bila kaburi atafutwe katika mnara wa Taukkyan, karibu na Rangoon. Tahadhari yetu juu ya herufi yabaki pale pale.

Wapagazi wa vita vya kwanza ndio wanaotushinda. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawaheshimu, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mtaa wa Kariakoo wachukua jina la kikosi chao, na wengi wapitao hapo hawajui. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa watu hao hata jina la makosa mara nyingi halipo. Kilichobaki ni yule mzee anayehesabu mababu na kusema, "Huyu alikwenda vitani," naye yafaa aulizwe mwaka huu: alikwenda na nani, aliondoka majira gani, na mtoto gani katika ukoo alipewa jina lake.