Gobore la Guku: Mtumba wa Majeshi ya Ulaya Katika Nchi Yetu

Babu yangu mzaa mama, ambaye sisi wajukuu tulimwita guku, alikuwa na gobore. Alilihifadhi darini kwake, upande wa Msalala, limeviringishwa katika gunia kuukuu la pamba. Sikumbuki hata siku moja kuliona likiua mnyama. Ninachokumbuka ni mlio wake. Siku ya harusi, au siku kijana wa ukoo aliporudi salama kutoka safari ya mbali, guku alilishusha, akalifuta, akamimina baruti mtutuni kwa kipimo alichokijua mwenyewe, akashindilia kwa mdeki, akapachika fataki, kisha akaelekeza mtutu juu. Risasi hakutia. Ulikuwa mshindo mmoja tu, na moshi mweupe uliotanda juu ya miji kama ukungu wa asubuhi, na vigelegele vya akina mama. Sisi watoto tuliziba masikio, tukacheka, tukamwomba arudie. Hakurudia. Baruti ilikuwa haba.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili. Alinionyesha kwenye simu yake picha za wazee wa Marekani wanaonunua bunduki kuukuu za majeshi, zikiwemo Mauser za Kijerumani, Lee-Enfield za Kiingereza na Mosin-Nagant za Kirusi, wakaenda nazo uwanja wa shabaha siku ya mapumziko kwa burudani tu. Akasema, "Mwalimu, hiki ni kichaa cha Wazungu." Nikamjibu kwamba katika kichaa hicho sisi tuliwatangulia kwa zaidi ya miaka mia moja. Alidhani namtania.

Sikumtania. Katikati ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalibadili silaha mara kadhaa ndani ya kizazi kimoja. Waprusi walikuwa wa kwanza, kwa bunduki ya Dreyse iliyojazwa kwa nyuma, ambayo jeshi lao liliikubali mwaka 1841. Mwaka 1866 Wafaransa walichukua Chassepot, na Waingereza wakaanza kuzigeuza bunduki zao za kushindilia kwa mtambo wa Snider. Miaka mitano baadaye zikaja Mauser na Martini-Henry. Kila badiliko liliacha maghala yamejaa bunduki nzima nzima ambazo hakuna jeshi lililozitaka tena. Kuziyeyusha kulikuwa hasara. Kuziuza kulikuwa na faida, hasa kwa mafundi na wafanyabiashara wa mji wa Liège, Ubelgiji, waliozikarabati, wakazikata mitutu, na wengine wakatengeneza nakala na kuzigonga chapa ya taji na neno Tower, ambayo ilikuwa alama ya ghala la silaha la Waingereza. Kwa hiyo hata chapa bandia haikuanza na viatu vya Kariakoo.

Soko la mtumba huo lilikuwa Afrika, na kwa upande wetu mlango ulikuwa Zanzibar. Mwaka 1888 konsoli wa Uingereza aliyekuwa kisiwani alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Hata kama alikosea kwa nusu, bado ni mzigo wa kutisha. Nyingi zilipanda njia ya kati, Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora zikagawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe, na kaskazini kupitia Msalala hadi ziwani.

Nani alizinunua? Vitabu vya shule vinatufundisha kuwaona watu wawili tu, mfanyabiashara wa Kiarabu na mtemi. Wako wote wawili, ni kweli. Lakini tunamsahau mpagazi. Mnyamwezi na Msukuma aliyebeba pembe hadi pwani alirudi na nguo, shanga, waya wa shaba, na akibahatika, bunduki. Kijana aliyerudi kijijini na gobore begani hakuhitaji kusimulia kwamba amefika pwani. Na alipokaribia kwao aliifyatua. Richard Burton alipoingia Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, msafara wake uliingia kwa bendera, mabaragumu na milio ya bunduki, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya kuingia mjini. Wenyeji nao walijibu kwa milio yao.

Wasafiri wa Kizungu walikereka. Wameandika mara kwa mara juu ya "upotevu" wa baruti, juu ya wapagazi waliojaza kupita kiasi ili bunduki ingurume zaidi, juu ya watu walioshika silaha bila kujua kulenga. Nimeyasoma maandishi hayo kwa miaka mingi na sasa naona kwamba waandishi wake walikuwa wakipima jambo kwa kipimo kisicho chake. Bunduki isiyo na mifereji mtutuni hailengi vizuri hata ikishikwa na mlenga shabaha hodari. Jeshi lililoitupa lilijua hivyo. Mnyamwezi aliyeinunua naye alijua hivyo, ndiyo maana aliitumia kwa kile ilichokiweza kwa hakika, yaani kelele, moshi na heshima. Kufyatua mbele ya kijiji kulikuwa salamu, na kulikuwa tangazo la idadi ya watu waliorudi hai. Zaidi ya hayo kulikuwa raha, na sioni kwa nini mwanahistoria aone haya kuiandika. Watu wetu wa kale nao walicheza.

Hata hivyo nisije nikamvika guku na wenzake kanzu nyeupe kupita kiasi. Raha ile ilikuwa na bei, na sarafu yake ilikuwa pembe za ndovu na binadamu. Mirambo aliyajua mambo haya kuliko wengi. Kuanzia mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya misafara. Stanley mwenyewe alijiunga na vita hivyo upande wa Waarabu, nao wakashindwa vibaya. Rugaruga wa Mirambo walikuwa vijana wenye magobore yale yale ya mtumba, lakini waliyaunganisha na mbinu za vita zilizoletwa na Wangoni. Ilipofika mwaka 1884 alipofariki, mkono wake ulikuwa umefika hadi Usumbwa. Tunapomsifu, nami humsifu darasani, tukumbuke vijiji vilivyosikia mlio ule ule usiku na kujua kwamba haukuwa wa harusi. Silaha ni ile ile, baruti ni ile ile. Mwanamke wa Usumbwa aliusikiaje mshindo wa gobore katika miaka ya 1870? Nadhani hakuziba masikio akacheka.

Kisha ikaja sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliojinadi kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walizuia uingizaji wa bunduki katika Afrika yote iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Shinyanga, Geita na Tabora zote zimo humo. Lakini yapo yaliyoachiwa mlango. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa masharti. Yaani Mwafrika aliruhusiwa jiwe la cheche, teknolojia ambayo Ulaya ilikuwa imeitupa miaka 50 nyuma. Kwa hesabu ya Brussels, hata gobore la guku, kwa kuwa lilitumia fataki, lilikuwa limevuka mpaka wa ruhusa. Naomba wanafunzi wangu wausome mkataba huo pamoja na ramani ya uvamizi, kwa sababu viliandaliwa katika miaka ile ile. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani kwa magobore ndani ya ngome yake, akawarudisha zaidi ya mara moja. Januari 1893, ngome ilipovunjwa, aliilipua akiba yake ya baruti ili asikamatwe.

Jambo moja huwashangaza wengi. Askari Waafrika wa Wajerumani nao walipewa mtumba. Vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wao walikuwa bado wanabeba Mauser ya muundo wa 1871, iliyotumia baruti ya moshi, wakati jeshi la Ujerumani huko Ulaya lilikuwa limeiacha zamani. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilimwonyesha adui mahali alipo. Moshi uliokuwa fahari ya mpagazi ukawa kaburi la askari.

Waingereza walipochukua nchi waliliacha gobore liishi kwa leseni, silaha ya mkulima ya kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Bunduki za kisasa zilibaki na wenye nchi wapya na watumishi wao. Na kwa kejeli ya historia, ufyatuaji mkubwa wa bunduki hapa Shinyanga haukufanywa na wapagazi wala rugaruga. Ulifanywa na serikali. Katika miaka ya 1940 idara ya utafiti wa mbung'o, iliyokuwa na makao yake Shinyanga ya Kale, iliendesha jaribio la kuwaua wanyamapori katika eneo maalumu, ili kuona kama mbung'o watatoweka wakikosa damu. Ripoti yake ilichapishwa katika jarida la kisayansi. Mkulima aliyempiga swala bila kibali alikuwa jangili; ofisa aliyeangamiza makundi kwa makundi alikuwa mtafiti.

Baada ya Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, bunduki za kijeshi zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakazipata. Guku aliniambia kwamba usiku mmoja walisikia mlio wa bunduki ya haraka haraka, akalitazama gobore lake darini, akaliacha hapo hapo. Kushindilia kunahitaji muda, na aliyekuja usiku ule hakuwa na nia ya kusubiri. Sungusungu walipoanza kujipanga Kahama na kwingineko miaka ya mwanzo ya 1980, hawakutegemea magobore. Walirudi kwenye upinde na mishale, filimbi, na wingi wa watu. Kitendo hicho bado hatujakichambua ipasavyo katika vyuo vyetu. Kila mtu analijua jina la sungusungu. Wachache hujiuliza kwa nini nchi iliyokuwa na bunduki tangu enzi za Mirambo iliona upinde unafaa zaidi.

Siku hizi ukifika Nyarugusu au Rwamgasa utasikia neno baruti kila saa. Ni baruti ya kupasulia mwamba, ina vibali vyake na maghala yake, na huko neno hilo halimkumbushi kijana harusi yoyote. Gobore limebaki katika taarifa za polisi. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na kwa misamaha iliyotolewa kwa nyakati mbalimbali, wananchi wamehimizwa kusalimisha silaha wasizozimiliki kihalali. Zinazokusanywa huteketezwa kwa moto hadharani, viongozi wakishuhudia.

Ndugu msomaji uliye katika utumishi wa umma, usinielewe vibaya. Sitetei silaha haramu. Gobore linaua tembo na linaua watu, na familia iliyovamiwa haitofautishi kati ya mtutu wa mwaka 1850 na wa jana. Ninapinga jambo jingine. Miaka ya karibuni maelfu ya bunduki kuukuu za Kiitaliano na Kifaransa zimetolewa katika maghala ya Ethiopia na kusafirishwa Marekani, zikauzwa kwa wapenzi wa silaha za kale. Mwaka 2003 wafanyabiashara walinunua ghala zima la silaha za kale kutoka Nepal. Mnunuzi wa huko hulipia kila alama iliyochorwa juu ya chuma, kwa sababu alama humweleza kiwanda, mwaka na jeshi. Mtumba wetu umegeuka kuwa vitu vya thamani kwa wajukuu wa wale waliotuuzia. Sisi tunauchoma kabla ya kuusoma.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla gobore halijatupwa motoni, mtu mmoja wa makumbusho au wa nyaraka asimame mezani, apige picha ya mtambo na mtutu, anakili chapa, na amuulize aliyelileta: lilitoka kwa nani, naye alilipata wapi? Mazungumzo ya robo saa. Yakikusanywa kutoka Kahama, Bukombe, Mbogwe na Nzega kwa miaka michache, tungekuwa na kumbukumbu ya biashara ya karne ya 19 iliyoandikwa kutoka kwa wanunuzi, wala si kutoka kwa konsoli wa Zanzibar peke yake.

La guku lilisalimishwa na mjomba wangu, kwa hiari, baada ya mzee kufariki. Mimi nilikuwa masomoni, na habari nilizipata zikiwa zimepoa. Utotoni niliona juu ya chuma chake taji dogo lililofutika nusu, na herufi chini yake. Wakati ule sikujua kusoma, na nilipojua sikupanda tena darini. Nilimwomba mjomba anionyeshe karatasi aliyopewa kituoni. Ilikuwa na tarehe, mhuri, na maneno matatu kwa wino wa buluu: "Gobore moja, bovu."