Mzigo wa Mwenzio: Njia ya Chai na Farasi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, bandika maji jikoni. Habari ninayotaka kukusimulia inataka kikombe mkononi, maana inahusu kitu ambacho mimi na wewe tunakinywa kila asubuhi bila kujiuliza kimetoka wapi. Nasema juu ya chai.

Neno lenyewe ni msafiri. Wachina wengi husema cha. Waliolipokea neno hilo kwa njia ya nchi kavu kuelekea magharibi waliligeuza kidogo tu, na Waajemi wakasema chay. Kutoka Uajemi na India likavuka Bahari ya Hindi, likatua pwani yetu, nasi tukasema chai. Wazungu wa magharibi waliipata kwa meli za Waholanzi, na Waholanzi waliinunua kwa watu wa pwani ya Fujian, ambao wao husema te. Ndiyo maana Mwingereza anasema vyake na sisi tunasema vyetu. Kwa hiyo kila unapomwambia mama lishe, "Mama, niwekee chai," unatamka neno ambalo nusu ya safari yake lilitembea na misafara.

Misafara ya chai ilikuwa mingi. Leo nitakusimulia mmoja tu, mgumu kuliko yote kwa maoni yangu, uliotoka kusini-magharibi ya China kupanda hadi Tibet. Wachina wanauita Chamagudao, yaani njia ya kale ya chai na farasi.

Hebu tuchore ramani. Kuna jimbo la Yunnan na jimbo la Sichuan, ambako chai imelimwa tangu zamani sana. Magharibi yake kuna ukuta wa milima, na juu ya ukuta huo ndiko iliko Tibet. Mji wa Lhasa peke yake uko mita zipatazo 3,650 juu ya usawa wa bahari. Huko juu mchai hauoti. Chakula cha Watibet tangu enzi ni nyama, maziwa, siagi na unga wa shayiri iliyokaangwa, na mboga za majani ni adimu. Masimulizi yao yanasema chai ililetwa na binti wa kifalme wa China aitwaye Wencheng, aliyeozwa kwa mfalme Songtsen Gampo mwaka 641. Iwe aliileta yeye au waliileta wafanyabiashara, Watibet walipoionja hawakuiacha tena. Waliipika na chumvi na siagi, wakaisuka katika chombo kirefu cha mbao kama watu wanavyosuka maziwa. Usikunje uso, bwana. Kwenye baridi ya milima ile, kikombe cha namna hiyo ni kinywaji na chakula kwa pamoja, na hadi leo ndicho mgeni anachokaribishwa nacho.

Basi Tibet walitaka chai. China nao walitaka nini? Farasi. Enzi ya Song, iliyotawala kuanzia mwaka 960 hadi 1279, ilisumbuliwa muda wote na majirani wa kaskazini waliopigana juu ya farasi. Jeshi la miguu litamkimbiza wapi mtu aliyepanda farasi? Farasi imara walikuwa kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1074 serikali ya Song ikaunda idara maalumu ya chai na farasi huko Sichuan. Mkulima akalazimika kuiuzia serikali chai yake, serikali ikaipeleka mpakani, na huko ikabadilishwa kwa farasi wa vita. Yaani jani lililochumwa na mama wa kijijini lilikuwa sawa na silaha.

Enzi ya Ming ilipoingia mwaka 1368 ilishika utaratibu uleule, tena kwa mkono wa chuma. Bei ilipangwa na serikali: farasi bora kwa jin 120 za chai, kiasi cha kilo 70 hivi. Aliye mpakani anajua kwamba bei ya serikali na bei ya gizani hazilingani, na pasipolingana hapo ndipo magendo yanapozaliwa. Mfalme Zhu Yuanzhang akaweka sheria kali: kuvusha chai bila kibali ni kifo.

Sasa sikiliza kisa hiki, maana mtunzi wa riwaya hawezi kukipita. Mfalme alikuwa na mkwe, jina lake Ouyang Lun, mume wa binti yake Anqing. Kwa kuwa alikuwa mkwe wa Ikulu, alituma watu wake wavushe chai kwa magendo, na maofisa wa mikoani walitetemeka wakamwachia. Mtumishi wake mmoja aitwaye Zhou Bao alizidi kiburi. Alidai magari hamsini ya kubebea mzigo, na walipofika penye daraja alimpiga ofisa mdogo wa ukaguzi. Ofisa yule hakuwa na mjomba serikalini. Alichokuwa nacho ni kalamu tu. Akaandika barua kwa mfalme. Mwaka 1397 mfalme akaamuru mkwe wake mwenyewe afe, na Zhou Bao naye akauawa.

Sisi Waswahili tuna maana ya pili ya neno chai, nawe unaijua, ile inayopita chini ya meza. Niliposoma kisa cha Ouyang Lun nilicheka kwanza, halafu nikanyamaza. Vigogo walanguzi wana historia ndefu. Lakini na yule mdogo wa darajani aliyethubutu kuandika, naye ana historia yake, ingawa watu wengi wakisimulia kisa hiki humtaja mfalme na mkwe tu.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: ile chai yenyewe, nani aliibeba?

Njia zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza ilitoka Ya'an huko Sichuan, ikapita Kangding, ikaenda Chamdo na hatimaye Lhasa, zaidi ya kilomita 2,000. Kipande cha Ya'an hadi Kangding kilikuwa na majabali na vijia vyembamba ambavyo hata mnyama alivikataa. Kwa hiyo ilibebwa na watu. Chai ilishindiliwa kuwa matofali, ikafungwa kwenye vikapu virefu vya mianzi, vikapangwa mgongoni mwa mpagazi hadi vikapita kichwa chake. Mwaka 1908 mtafiti wa mimea kutoka Uingereza, Ernest Wilson, aliwapiga picha wapagazi wawili wakiwa wamesimama na mizigo yao. Aliandika kwamba mmoja alibeba ratili 317 na mwenzake 298. Piga hesabu: ni kilo 144 na kilo 135. Chukua gunia la mahindi la kilo 100, kisha juu yake ongeza karibu mfuko mzima wa saruji, halafu panda mlima nao siku baada ya siku. Si mchezo! Na wanawake nao walibeba.

Mpagazi wa namna hiyo hawezi kukaa chini apumzike, maana akikaa hainuki. Kila mmoja alikuwa na fimbo fupi yenye umbo la herufi T, na ncha yake ilikuwa ya chuma. Baada ya hatua chache aliiweka fimbo chini ya mzigo, akauegemeza, akavuta pumzi akiwa wima, kisha akaendelea. Mamia ya miaka, maelfu ya watu, ncha ileile ya chuma juu ya mawe yaleyale. Matundu yaliyochimbwa na fimbo hizo yapo mpaka leo kwenye mawe ya njia hiyo. Ukienda utayaona, na kidole kinaingia.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliojua uzito wa chai ile ni wale waliokuwa chini yake, na hao hawakuandika kitabu.

Wapagazi walipofika Kangding, chai ilishonwa upya ndani ya ngozi na kupakiwa juu ya yak, ng'ombe wa kule wenye manyoya marefu. Mji huo ulikuwa na nyumba za kulala wageni ambazo wenyeji wake, wengi wao wanawake, walikuwa ndio madalali na wakalimani kati ya Mchina na Mtibet. Bila wao biashara isingefungwa.

Njia ya pili ilitoka kusini mwa Yunnan, sehemu za Pu'er, ikapita Dali na Lijiang, ikavuka magenge ya mito mikubwa, kisha ikaungana na ile ya kwanza kuelekea Lhasa. Huku mzigo ulibebwa na nyumbu. Si wale wa Serengeti, ni wale watoto wa punda na farasi. Nyumbu wa mbele alipambwa kwa kitambaa chekundu, kioo na kengele, ili msafara unaokuja upande wa pili usikie mapema. Pale ambapo njia ina upana wa mnyama mmoja, misafara miwili ikikutana ghafla lazima mmoja uangamie. Penye mto usio na daraja walining'inia kwenye kamba, mtu kwa mtu na nyumbu kwa nyumbu, maji yakinguruma chini.

Safari ilichukua miezi, kwenye mvua, joto na jasho la wanyama. Chai ya Pu'er ikachachuka ndani ya vifurushi, ikageuka rangi na ladha. Wanunuzi wakaipenda hivyo hivyo. Ilikuja hadi mwaka 1973, kiwanda cha Kunming kikabuni njia ya kuichachua kwa makusudi katika wiki chache. Ladha iliyozaliwa na taabu ya njiani sasa hutengenezwa chini ya paa.

Njia hiyo ilifanya kazi yake kubwa ya mwisho wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wajapani walipoiziba barabara ya Burma, bidhaa kutoka India zilipitishwa Tibet hadi Lijiang kwa misafara. Peter Goullart, Mrusi aliyeishi Lijiang miaka hiyo, ameandika kwamba ilikadiriwa nyumbu na farasi 8,000 na yak 20,000 walitumika. Halafu mwisho ukaja. Desemba 1954 barabara ya magari kutoka Sichuan ilifika Lhasa. Lori moja likabeba mzigo wa watu wengi, na mpagazi akaweka fimbo chini. Tusimlilie njia. Nani angependa mwanawe abebe kilo 144?

Ila kuna jambo moja la kushangaza. Jina Chamagudao, ambalo leo limeandikwa kwenye vibao, vitabu na paketi za chai, halina umri mkubwa. Mwaka 1990 wasomi sita wa Yunnan, wakiwemo Mu Jihong na Chen Baoya, walitembea kwa miguu miezi kadhaa kuifuata njia iliyokuwa inafutika. Walizungumza na wazee, wakapima mawe, wakarudi na jina. Njia ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu. Waliitembea wengi. Ikapata jina pale watu sita walipoamua kuuliza na kuandika.

Leo urithi wake uko hai, lakini una sura mbili. Mji mkongwe wa Lijiang uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, na misitu ya kale ya chai ya mlima Jingmai, inayotunzwa na Wablang na Wadai, ikaingizwa mwaka 2023. Watibet bado wanasuka chai yao na siagi. Hayo ni mazuri. Upande wa pili, Lijiang wenyeji wengi wa kabila la Wanaxi wamehama mji mkongwe, nyumba zao zimegeuka maduka na hoteli, na farasi wanabeba watalii. Kumbukumbu ikishakuwa bidhaa, mwenye nayo anaweza kujikuta yuko nje ya mlango. Matundu kwenye mawe yanapigwa picha na maelfu, lakini ni wangapi wanauliza yule mwenye fimbo alikuwa na watoto wangapi?

Mimi niliyeandika haya ni mtoto wa kidato cha nne tu, mwenye daftari tatu zilizojaa riwaya isiyokwisha. Riwaya hiyo ilikuwa ya wafalme na mapanga. Ninaye baba mdogo ambaye amebeba magunia sokoni tangu sijazaliwa, magunia ya lumbesa, na bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Tunaishi nyumba moja. Katika kurasa zote zile hayumo, wala hana mfano wake.

Jumapili iliyopita nilimwandalia chai, ya rangi, tangawizi nyingi, kama anavyoipenda. Nikamuuliza, "Baba mdogo, shikamoo tena. Hivi mzigo wako wa kwanza kabisa ulikuwa wa nini?"

Akacheka. "Wewe unataka kuniandika?"

Nikasema ndiyo. Akanywa funda moja, akaweka kikombe chini, akaanza, "Ulikuwa wa vitunguu, na mvua ilikuwa inanyesha." Nikafungua daftari la nne.