Bunduki, risasi na darubini ya kuwakabili bweha na fisi

WAFUGAJI wa Runzewe, wilayani Bukombe, mkoani Geita, ni majirani wa mapori ya miombo yanayoshuka hadi Kigosi. Mbuzi anapokosekana zizini asubuhi, wanaoshukiwa kwanza ni wawili: bweha na fisi madoa. Kwa mwenye kibali cha kumiliki silaha, au anayekusudia kukiomba, swali la bunduki ipi inafaa si dogo, maana kosa lake laweza kumuua jirani.

Mfugaji wa Marekani hupambana na koyote, ndugu wa karibu wa bweha. Chaguo lake la kawaida ni raifo ya .223 au .22-250, yenye risasi nyepesi iendayo kasi kubwa. Chaguo hilo halifai kuigwa hapa. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinataka mtutu usiopungua .240 kwa wanyama wa kawaida, na .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Kwa hiyo .223 iko chini ya kiwango. Tena bweha wetu ana kilo kumi hivi, wakati fisi madoa hufikia sabini, na risasi nyepesi iliyoundwa kwa ajili ya mnyama mdogo huweza kupasuka kwenye misuli ya bega bila kufika moyoni. Fisi aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani ni hatari kuliko aliyeachwa apite.

Inayotosha wote wawili ni .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955. Risasi yake nzito, ya greni 100, yaani gramu 6.5, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban meta 900 kwa sekunde, na teke lake begani ni dogo, jambo linalomsaidia asiyepata nafasi ya kufanya mazoezi mara kwa mara. Mwenye .308 au .30-06 hana haja ya kuiuza. Ichaguliwe raifo ya kukoki kwa mkono. Zinazojipakia zenyewe hazikubaliki katika uwindaji.

Kichwa cha risasi kiwe na ncha laini, isiyofunikwa na gamba la shaba, ili kitanuke ndani ya mnyama na kuishia humo. Risasi iliyofunikwa yote kwa gamba gumu hupenya na kuendelea na safari, na hapo ndipo penye hatari kubwa katika eneo la vijiji, mashamba na machimbo ya dhahabu. Hata risasi ndogo ya .22 huweza kufika zaidi ya kilometa moja. Asiyeona kichuguu au mwinuko wa udongo nyuma ya mnyama asifyatue.

Kwa sababu hiyo, karibu na zizi raifo yoyote si chaguo la kwanza. Shotigani ya geji 12 yenye marisau makubwa inatosha ndani ya meta 30, na marisau hupoteza nguvu mapema. Gobore ambalo wazee wengi bado wanalo hutoa mlio mmoja na moshi mwingi. Likikosa, muda wa kulipakia tena haupo.

Kuhusu darubini, wengi hudanganywa na ukubwa wa namba. Katika miombo ni nadra kumwona mnyama akiwa wazi kwa zaidi ya meta 150, hivyo yenye kukuza mara nne inatosha. Ya mara 3 hadi 9, yenye kioo cha milimeta 40, ni nzuri ikiwekwa kwenye namba ndogo: ikikuza mara 9, mwanga unaolifikia jicho wakati wa magharibi hupungua sana. Ifungwe imara, kisha bunduki ipimwe shabaha katika meta 100 kwa risasi za aina ile ile zitakazotumika. Katika darubini nyingi mlio mmoja wa kirekebishio husogeza shabaha kama milimeta saba kwa umbali huo. Ikianguka toka kwenye pikipiki, ipimwe upya.

Darubini haigeuzi usiku kuwa mchana, na kuwinda usiku kwa kumulika tochi hakuruhusiwi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtambua anayeua mnyama kwa kulinda maisha au mali, lakini tukio lazima liripotiwe kwa ofisa wanyamapori, na ngozi na meno ni nyara za Serikali. Fisi anayerudi kila siku ni kazi ya askari wa wanyamapori. Wapo pia wanaoamini kwamba fisi fulani ana mwenyewe na wakaogopa kutoa taarifa. Ofisa haulizi ni wa nani.

Sumu isitumike kabisa. Mzoga uliotiwa sumu huua tai, mbwa wa kijiji na yeyote atakayekata nyama yake.

Maombi ya kumiliki silaha hupitia Polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Wakati yakisubiriwa, boma la miiba lililozibwa vizuri linaweza kujengwa kwa siku mbili.