Ritifaa ya Ng'ombe: Historia Fupi ya Usimbaji wa Herufi

Kompyuta haihifadhi herufi bali nambari, na maandishi yote yanayoonekana kwenye skrini yake hutegemea makubaliano kuhusu nambari ipi inawakilisha herufi ipi. Makubaliano hayo ndiyo yanayoitwa usimbaji wa herufi. Yaliyoacha alama ya kudumu zaidi ni ASCII, kiwango kilichochapishwa Marekani mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo katika toleo la 1967, ambacho kilitumia biti 7 na kwa hiyo kilikuwa na nafasi 128 tu, 33 kati yake zikiwa za amri za kuendesha mitambo. Zilizobaki ziliwatosha Wamarekani. Hata alama ya pauni ya Uingereza haikupata nafasi.

Mataifa mengine yalijiongezea biti ya 8 kila moja kwa njia yake, hata nambari 228 ikawa inasomeka ä katika kiwango cha Ulaya Magharibi, δ katika cha Kigiriki na ф katika cha Kisirili, huku faili lenyewe halina chochote cha kumweleza msomaji ni kiwango kipi kilichotumika. Mwaka 1988 Joe Becker wa kampuni ya Xerox alipendekeza orodha moja ya hati zote za dunia, yaani Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991. Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, namna ya kuandika nambari za orodha hiyo ambayo leo hutumia baiti 1 hadi 4 kwa kila moja, nayo huliacha kila faili la ASCII kama lilivyokuwa. Busara hiyo ya kutovunja cha zamani ndiyo iliyoieneza.

Kiswahili cha hati ya Kilatini huenea karibu chote ndani ya ASCII, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtunzi wa programu wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kufanya kazi miaka mingi akidhani suala hili ni la Wachina na Warusi. Ritifaa ya neno ng'ombe yatosha kumwonyesha vingine. Katika ASCII alama hiyo ni nambari 39, ambayo pia hufunga maneno ndani ya amri za hifadhidata, kwa hiyo jina Ng'ang'a lisiposhughulikiwa kwa uangalifu huikata amri katikati. Programu za kuandikia nazo huigeuza kuwa ritifaa iliyopinda, nambari 8217, ambayo UTF-8 huiandika kwa baiti 3. Baiti hizo zikisomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, hutokea ngâ€™ombe, na anayetafuta neno kwa ritifaa iliyonyooka huenda asilipate kamwe.

Herufi ĩ ya Kikuyu haikuwemo katika kiwango cha Ulaya Magharibi. Unicode iliipa nambari 297, lakini iliruhusu pia iandikwe kwa nambari 105 ya i ikifuatwa na 771 ya kiwimbi, kwa hiyo maneno mawili yanayofanana kabisa machoni huhesabiwa na mashine kuwa tofauti hadi yasawazishwe. Vivyo hivyo, Kiswahili cha hati ya Kiarabu, kilichobeba tenzi za Pate na Lamu, huandikwa kwa herufi zenye baiti 2 kila moja, na programu inayofupisha ujumbe kwa kuhesabu baiti badala ya herufi inaweza kuipasua چ katikati, kikabaki kipande kisichosomeka katika hati yoyote.