Shingo ya Boheti, mkia wa Keranje

Mtanzania akisema "mjusi wa Tendaguru", mara nyingi humkusudia mmoja tu: yule aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, ambaye habari zake zimefika mpaka bungeni. Ukubwa wake umewafunika wenzake. Makala haya ni ya wawili kati ya hao waliofunikwa, wala majani wenye shingo ndefu walioishi kusini mwetu yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mmoja tunamjua kwa pingili mbili za shingo. Mwingine tunamjua kwa mkia.

Kilima cha Tendaguru kiko bara ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu enzi zile. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, alikuta mifupa mikubwa imechomoza ardhini. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas kuithibitisha, na kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likachimba kwa nguvu, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika juzi tu, na kusini nzima ilikuwa imetoka kwenye njaa. Vibarua walipatikana. Idadi yao ilipanda mpaka kufikia 500, na mnyapara wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kufukua na kutengeneza mifupa ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikapandishwa vichwani na mabegani mwa wapagazi mpaka bandarini Lindi. Zilisafirishwa zaidi ya tani 200.

Kisha yakaja majina. Mjusi mkubwa kuliko wote akapewa jina la Branca, mkuu wa jumba hilo la Berlin aliyeanzisha msafara. Mwingine akaitwa kwa jina la Hansemann, aliyeongoza uchangishaji wa fedha. Mwingine Bamberg. Mwaka 1919, Ujerumani ikiwa imeshapoteza koloni lenyewe, mjusi mdogo wa kukimbia kwa miguu miwili alipachikwa jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyewakwepa Waingereza Vita Kuu ya Kwanza yote. Aliyebuni hilo hakukosa mzaha.

Jina la Boheti lilingoja hadi 2007. Mwaka huo Kristian Remes alizichunguza upya pingili mbili za shingo zilizokaa Berlin tangu siku za uchimbaji, akaona si za mjusi yeyote aliyekwisha kutajwa, akamwita Australodocus bohetii. Remes alimweka katika ukoo wa Diplodocus. Wengine walipozitazama ndani waliona mfupa umejaa vyumba vidogo vya hewa kama sega la nyuki, wakamhamishia upande wa jamaa za yule mrefu wa Berlin. Pingili mbili haziwezi kuamua kesi kama hiyo moja kwa moja, na sishangai ubishi ulitokea.

Mkia una kisa kirefu zaidi. Ni pingili 30 zilizofuatana, nadra kupatikana hivyo, na kwa miongo mingi zilihesabiwa kuwa za Janenschia, mjusi aliyetambuliwa kwa mifupa ya mguu wa nyuma. Lakini mguu na mkia havilinganishwi! Hakuna mfupa wa pamoja wa kuthibitisha kuwa ni mnyama mmoja. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake waliutenga mkia huo na kuuita Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera wa Lindi na ya Mohammadi Keranje, aliyeugundua. Pingili za mbele zina shimo upande mmoja na nundu upande wa pili, na umbo hilo likawapeleka watafiti mbali: Mamenchisaurus wa China. Ukoo uliodhaniwa kuwa wa Asia peke yake kumbe ulikuwa na tawi Lindi, jambo linaloashiria kwamba ulienea kabla mabara hayajaachana.

Kwangu mimi huo ndio utajiri wa vipande. Mjusi mzima hupendeza macho. Kipande humlazimisha mtaalamu arudi kabatini, asome lebo ya zamani, aulize ni nani aliyekiinua ardhini. Ila mgawanyo wa heshima bado umepinda. Waliotoa fedha wamepewa mifupa mizima, waliochimba wamepewa shingo na mkia, tena baada ya karne moja. Na kati ya mamia ya wapagazi, walio wengi hawajapewa hata hicho.

Walimu wa historia wa Mipingo, kijiji kilicho karibu na Tendaguru, na wa vijiji vya jirani wanaweza kuanza kurekebisha hilo sasa, kwa kuandika majina ambayo wazee bado wanayakumbuka. Jumba lolote litakalojengwa Lindi kwa ajili ya mijusi hawa lianze na orodha hiyo ukutani, kabla ya mfupa wowote.